Zamu ya Upasuaji Ipangwe kwa Hesabu

Hapana askari wa Bujumbura asiyeujua mtaa wa Musaga. Upo kusini mwa mji, kwenye miinuko ambako barabara ya taifa nambari 7 huanza kupanda kuelekea Ijenda na Matana. Katika sehemu hiyo yapo makambi ya jeshi, kipo chuo cha maafisa kilichojulikana kwa jina la ISCAM, na lipo gereza la Mpimba. Askari, polisi na raia hupishana kwenye barabara zake mchana na usiku.

Lakini mtu wa Musaga anapohitaji upasuaji mkubwa, safari yake haiishii Musaga. Huteremka mjini hadi Hospitali ya Prince Régent Charles, au huvuka mji mzima kutoka kusini hata kaskazini, hadi Kamenge, iliko Hospitali ya Kijeshi, ambayo hupokea askari na raia, na iliko pia Hospitali ya Chuo Kikuu. Safari hiyo kila mtu huiona. Ipo safari ya pili isiyoonekana, nayo ni ile ya kutoka lango la hospitali hadi meza ya upasuaji. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika safari hiyo ya pili, ambayo haifiki hata mita mia mbili, ndiyo iliyo ndefu zaidi.

Urefu wake si jambo dogo. Ngiri ambayo leo inarudishwa ndani kwa kidole yaweza kubanwa kesho, na utumbo uliobanwa huanza kufa kwa muda wa saa chache. Mfupa wa paja uliovunjika, usipowekwa sawa mapema, huanza kuunga kombo, na askari aliyekuwa akikimbia doria hubaki akichechemea maisha yake yote. Jeraha la tumbo halingoji hata kidogo. Na kila siku moja ya kungoja ina gharama zake nyingine: kitanda kimeshikwa, zamu ya aliyelala inabebwa na mwenzake, na mkewe ameacha biashara yake sokoni ili apeleke chakula hospitalini.

Jambo linalovunja moyo kuliko yote ni kuahirishwa. Mgonjwa hukaa bila kula tangu usiku, huvalishwa nguo ya upasuaji, hulazwa kwenye machela mlangoni, kisha saa 9 alasiri huambiwa arudi wodini kwa sababu muda umekwisha. Kesho yake huenda yakarudiwa yale yale. Hapo ndipo minong'ono huanza, kwamba fulani amepitishwa mbele kwa kuwa ana ndugu, au ana cheo, au ametoa kitu.

Wengi husema kwamba sababu ya hayo yote ni uhaba. Ni kweli kwamba uhaba upo. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilieleza kwamba watu wapatao bilioni 5 duniani hawakuwa na njia ya kupata upasuaji ulio salama na ambao wangeweza kuugharimia, na kwamba ilihitajika kuongeza upasuaji milioni 143 kila mwaka ili pengo hilo lizibwe. Nchi za Afrika Mashariki na Kati zimo katika hesabu hiyo. Wapasuaji bingwa ni wachache, na watoa dawa ya usingizi ni wachache zaidi.

Hata hivyo uhaba hauelezi kila kitu. Chumba cha upasuaji chaweza kukaa kitupu tangu saa 2 hadi saa 4 asubuhi kwa sababu damu haijaletwa, au vyombo havijachemshwa, au mgonjwa wa kwanza amekunywa chai bila kujua. Chumba hicho hicho jioni huwa kimejaa, na waganga wamechoka. Saa mbili zilizopotea asubuhi hazikuletwa na uhaba wa wapasuaji, maana mpasuaji alikuwapo akingoja. Hapo palikosekana mpango, na mpango mzuri haufanywi bila hesabu.

Yafaa ieleweke kwamba hesabu ya namna hii si ngeni kwa watu wa silaha. Sehemu kubwa yake ilizaliwa jeshini. Dominique-Jean Larrey, mganga mkuu wa majeshi ya Napoleon, alianzisha magari mepesi ya kuwatoa majeruhi vitani, na akaweka kanuni kwamba aliyeumia zaidi ndiye atakayetibiwa kwanza, bila kutazama cheo chake. Katika vita vya Crimea, kati ya mwaka 1854 na 1856, mwuguzi Mwingereza Florence Nightingale alihesabu vifo vya askari, akaonyesha kwa takwimu kwamba waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Mwaka 1940 mwanafizikia Patrick Blackett alikusanya wataalamu wa hesabu ili kulisaidia jeshi la Uingereza kutumia vizuri zaidi mizinga ya kutungulia ndege. Na mwaka 1947 George Dantzig, akifanya kazi katika mipango ya jeshi la anga la Marekani, alitunga njia ya hesabu ya kuchagua mpango ulio bora kuliko yote pale ambapo watu, vyombo na muda vina mipaka. Njia hiyo hutumika hata leo katika viwanda, mashirika ya ndege, na hospitali.

Kazi ya hesabu hizo katika chumba cha upasuaji huanza na daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na dakika za chumba cha upasuaji ni mali. Kwa kila mgonjwa yapasa yaandikwe mambo machache: saa aliyoingia chumbani, saa aliyopewa dawa ya usingizi, saa kisu kilipoanza, saa jeraha liliposhonwa, na saa chumba kilipokuwa safi tayari kwa mwingine. Kama ameahirishwa, iandikwe sababu kwa neno moja: damu, umeme, vyombo, homa, muda, au dharura. Baada ya miezi mitatu daftari hilo husema yale ambayo hakuna kikao kingeyasema. Huonyesha kwamba kazi inayodhaniwa kuchukua saa moja huchukua saa moja na nusu, na kwamba usafi kati ya mgonjwa na mgonjwa hula nusu saa ambayo haikuwekwa katika ratiba yoyote.

Mfano wa faida ya kuandika saa upo karibu na Musaga. Kusini zaidi, kwenye barabara ya ufuko wa Ziwa Tanganyika, ipo Kabezi. Huko shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kituo cha dharura za uzazi, pamoja na magari ya kuwachukua akina mama kutoka vituo vya afya vya wilaya hiyo. Mwaka 2011 magari hayo yaliitwa mara 1,478. Kwa kuwa saa ya wito na saa ya kufika ziliandikwa, ilijulikana kwamba nusu ya wagonjwa walifikishwa katika muda usiozidi dakika 78. Wachunguzi waliopima kazi hiyo walikadiria kwamba vifo vya uzazi katika wilaya vilipungua kwa asilimia 74. Magari na waganga ndio waliookoa maisha, lakini ni daftari lililowezesha kujua kwamba mpango ulikuwa ukifanya kazi, na ni wapi ulikuwa ukichelewa. Isitoshe, kituo kinachoitwa kabla mgonjwa hajafika hupata muda wa kutayarisha meza, damu na mtoa dawa ya usingizi.

Baada ya daftari hufuata upangaji. Ichukuliwe hospitali ya mfano yenye vyumba viwili vya upasuaji, kila kimoja kikifanya kazi tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri, yaani dakika 480. Wapo wagonjwa sita. Daftari linaonyesha kwamba kazi zao, pamoja na usafi, zinahitaji dakika 240, 210, 150, 120, 120 na 120. Jumla yake ni dakika 960, sawasawa kabisa na muda wa vyumba vyote viwili.

Ikiwa wataandikwa kwa kufuata mazoea, wa kwanza ataingia chumba cha kwanza, wa pili chumba cha pili, na wa tatu atarudi chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza kitakuwa na 240 na 150, jumla 390, na dakika 90 zitabaki. Chumba cha pili kitachukua 210, 120 na 120, jumla 450, na dakika 30 zitabaki. Mgonjwa wa sita, mwenye haja ya dakika 120, hana pa kuingia, ingawa dakika 120 zimepotea mle mle. Lakini wakipangwa upya, 240 pamoja na 120 mbili katika chumba kimoja, na 210, 150 na 120 katika kingine, wote sita watapasuliwa siku hiyo hiyo. Hapakuongezwa chumba wala mpasuaji. Kilichobadilika ni mpango tu.

Kwa wagonjwa sita mtu mwenye akili ataupata mpango huo kwa kalamu, maana njia za kuwagawa katika vyumba viwili ni 64. Wakiwa wagonjwa ishirini, njia hizo huwa zaidi ya milioni moja. Ongeza kwamba mpasuaji wa mifupa yupo Jumatatu na Alhamisi tu, kwamba mtoto mdogo asikae na njaa hadi mchana, na kwamba mashine ya kupiga picha ndani ya chumba ni moja. Hapo kichwa cha mtu hushindwa, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani huweza kuzipitia na kutoa ratiba kwa muda mfupi. Mganga mkuu huitazama ratiba hiyo, akaikubali au akaibadili. Amri hubaki mikononi mwa mganga, kama vile ramani haimwondolei kamanda amri ya kikosi.

Lakini ratiba iliyojaa pomoni, hata ikiwa imepangwa na kompyuta, ina hatari yake. Ajali ya barabarani haiombi miadi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilipoangusha nyumba katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura na kuua watu zaidi ya 60, hakuna ratiba iliyokuwa imeandika tukio hilo. Tarehe 17 Septemba 2009, mjini Mogadishu, makao makuu ya jeshi la Umoja wa Afrika yalishambuliwa, akauawa naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi, pamoja na askari wengine, na majeruhi wakawa wengi kwa dakika chache. Askari waliokuwapo wanajua thamani ya meza ya upasuaji iliyo wazi saa kama hiyo.

Kamanda mwenye busara hapeleki kikosi chake chote mstari wa mbele. Hubakiza sehemu kuwa akiba. Sehemu hiyo huonekana kana kwamba imekaa bure, kumbe ndiyo inayozuia mstari usivunjike. Chumba cha upasuaji ni hivyo hivyo. Mwaka 2002 hospitali ya St. John's ya Springfield, katika jimbo la Missouri, Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimejaa. Kila dharura ilipoingia, wagonjwa waliopangwa walisukumwa mbele, na waganga wakafanya kazi hadi usiku wa manane. Ushauri uliotolewa uliwashangaza wengi: chumba kimoja kiachwe wazi kwa ajili ya dharura peke yake. Wapasuaji walisita, wakiona kwamba wananyang'anywa chumba wakati vilivyopo havitoshi. Matokeo yake, hospitali iliweza kufanya upasuaji zaidi kwa kiasi cha asilimia 5, kwa vyumba vile vile.

Sababu yake yaeleweka. Dharura moja ikitupwa katika chumba kilichojaa haimwahirishi mgonjwa mmoja tu. Yule aliyeahirishwa leo huchukua nafasi ya mtu wa kesho, naye wa kesho humsukuma wa keshokutwa. Kutojua ni nani atakayevunjika mguu leo si sawa na kutojua kwamba atapatikana wa kuvunjika mguu. Daftari la miezi sita huonyesha ni dharura ngapi huingia kwa siku, na huchukua muda gani. Hivyo akiba hupimwa kwa ushahidi, na wahenga walikwisha kusema kwamba akiba haiozi.

Hospitali yenye vyumba viwili au vitatu haiwezi kufunga kimoja kizima. Lakini yaweza kutenga saa. Katika mfano ule wa wagonjwa sita, mmoja mwenye dakika 120 angepangiwa siku nyingine, na saa hizo mbili zikawa akiba. Hadi saa 8 mchana, kama dharura haikuja, aingie mgonjwa mwenye kazi fupi aliyekubali tangu mwanzo kungoja kwa masharti hayo. Yule wa sita atapasuliwa kesho, lakini amejulishwa jana, amekula chakula chake, na amelala kwake. Kungoja kwenye siku inayojulikana ni mzigo mwepesi kuliko kungoja kwenye machela bila kujua.

Jambo lingine ni haki. Ratiba iliyoandikwa, yenye kanuni zinazojulikana na wote, humlinda mtu mdogo. Askari wa cheo cha chini, au mjane wa Musaga asiye na mtu wa kumsemea, huingia kwa uzito wa ugonjwa wake na kwa tarehe ya kuandikishwa kwake. Mkubwa anapoletwa na tumbo lililopasuka, huenda mbele kwa sababu ya tumbo lake, si kwa sababu ya nyota za begani. Ikitokea mtu amepitishwa mbele, daftari litaonyesha nani aliamuru na kwa sababu gani. Kanuni ya Larrey ina zaidi ya miaka mia mbili, na majeshi yenye nidhamu hayajaiacha.

Wapo watakaoogopa kwamba hesabu ya dakika itawafanya waganga wakimbizane. Hofu hiyo ina msingi, kwani haraka haraka haina baraka. Ndiyo sababu takwimu zisiwe za muda peke yake. Ziandikwe pia za usalama. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya kuulizana kabla ya upasuaji katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, nchini Tanzania. Waganga na wauguzi walisimama kidogo, wakathibitisha jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, dawa na vyombo. Katika miji hiyo minane kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Dakika hizo chache za kuulizana ziingizwe katika ratiba kama kazi, zisihesabiwe kuwa upotevu.

Hali kadhalika, hesabu haiwezi kuumba mpasuaji asiyekuwapo. Kama wanaoandikishwa kwa wiki ni 12 na wanaopasuliwa ni 10, baada ya wiki 52 watu 104 watakuwa wamebaki kwenye foleni, hata ratiba iwe nzuri namna gani. Lakini mkuu wa hospitali anayekwenda kwa wenye mamlaka na hesabu hiyo mkononi hana haja ya kulalamika. Ameonyesha kwamba dakika alizopewa amezitumia, na kwamba pengo lililobaki linataka chumba, au mtu, au jenereta. Anayeomba bila takwimu na anayeomba akiwa nazo hawasikilizwi sawasawa.

Askari na polisi nao wana sehemu yao katika hesabu hiyo. Anayemfunga mwenzake kamba ya kuzuia damu, akaandika saa aliyoifunga, ameandika mstari wa kwanza wa daftari la mpasuaji. Polisi anayepiga simu hospitalini kutoka penye ajali, akataja idadi ya majeruhi na hali zao, ameipa hospitali nusu saa ambayo isingeipata kwa njia nyingine. Anayefungua njia kwa gari la wagonjwa linalovuka mji kutoka Musaga hadi Kamenge amepunguza dakika zile zile zinazohesabiwa. Anayetoa damu siku ya amani ameondoa sababu moja kubwa ya kuahirisha. Na askari aliyepangiwa upasuaji, akafika siku yake bila kula kama alivyoagizwa, hakuipoteza nafasi ambayo mwingine angeifurahia.

Hakuna kikosi kinachokubali lindo lipangwe kwa kubahatisha, wala ghala la silaha likae bila daftari. Chumba cha upasuaji kinastahili nidhamu ile ile, kwa kuwa wanaongoja mlangoni mwake ni walinzi wenyewe pamoja na wale wanaowalinda. Kwa hiyo saa ziandikwe kwa ukweli, akiba itengwe kwa kipimo, zamu ifuatwe bila upendeleo, na kila dakika iliyookolewa apewe mgonjwa anayefuata.